Picha chafu za watoto: Tiba ifike kabla ya pingu

Si rahisi kuandika juu ya jambo hili katika gazeti linalosomwa nyumbani na baba, mama na watoto. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi haya tumeyaficha kwa muda mrefu, na wanaolipa gharama ya ukimya wetu ni watoto.

Ninazungumza juu ya watu wazima, wengi wao wanaume, wanaotazama, kuhifadhi na kusambaza picha na kanda za video za watoto wanaodhulumiwa kingono. Zamani mambo haya yalipitishwa kwa siri kutoka mkono hadi mkono. Leo yanapita kwenye simu ya mkononi, chumbani, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

Baadhi ya watu hawa wako nchi za mbali. Wengine ni majirani zetu, wafanyakazi wenzetu, hata jamaa zetu. Wana kazi, wana familia, na hakuna alama usoni inayowatambulisha.

Maoni yangu ni kwamba nchi yetu imeandika sheria kali dhidi ya kosa hili, na imefanya vyema. Lakini sheria humfikia mtu baada ya mtoto kuumia. Kabla ya hapo hakuna mlango ambao mtu anayeona fikira zake zinampeleka pabaya anaweza kuubisha, akafunguliwa na mtaalamu anayejua la kufanya. Mlango huo ukiwapo, baadhi ya watoto hawataumizwa kamwe. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

KILA PICHA NI MTOTO

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wengi huviita vitu hivi ponografia ya watoto, na hata sheria zetu zimetumia jina hilo. Mwaka 2016 mashirika ya kimataifa yanayotetea watoto yalikutana Luxembourg na kukubaliana kwamba jina hilo linapotosha. Neno ponografia humfanya mtu afikirie watu wazima waliokubali kupigwa picha. Mtoto hawezi kukubali. Kinachoonekana katika picha hizo ni uhalifu ukitendwa.

Mtoto aliyenajisiwa akiletwa hospitalini mapema, sisi madaktari tunayo mengi ya kumfanyia. Tunaweza kumpa dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi, mradi afike kabla ya saa 72 kupita. Tunaweza kutibu majeraha na maradhi ya zinaa, na kumpeleka kwa mshauri nasaha.

Lakini hakuna daktari mwenye dawa ya kuifuta picha iliyokwisha kuingia kwenye intaneti. Mtoto anakua, anamaliza shule, anaolewa au anaoa, na picha ile bado inazunguka. Kila anayeifungua anamdhulumu upya. Ndiyo maana hatuwezi kukubali kisingizio cha yule anayesema, "Mimi nilitazama tu, sikumgusa mtu." Anayetazama ndiye soko, na bila soko bidhaa hazitengenezwi.

Ukubwa wa jambo hili unatisha. Kituo cha Marekani kinachopokea ripoti kutoka kwa kampuni za intaneti juu ya dhuluma dhidi ya watoto kilipokea ripoti zaidi ya milioni 36 kutoka pembe zote za dunia katika mwaka 2023 pekee.

Hapa kwetu, UNICEF, Interpol na shirika la ECPAT yalichapisha uchunguzi wao mwaka 2021. Walikuta kwamba kati ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, baina ya asilimia 5 na 13 walikuwa wamedhulumiwa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu uliotangulia. Wengine waliahidiwa pesa au zawadi ili watume picha zao za uchi. Wengine walitishwa. Waliopeleka habari kwa polisi walikuwa wachache mno.

Takwimu hizo zisome pamoja na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24 waliohojiwa, asilimia 15.6 ya wasichana na asilimia 6.4 ya wavulana walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Siku hizi simu yenye kamera iko karibu kila mahali mtoto anapodhulumiwa.

SHERIA TUNAZO

Asiseme mtu kwamba Kenya haina sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilipotungwa, kifungu chake cha 16 kiliweka kifungo kisichopungua miaka sita, au faini isiyopungua Sh500,000, au vyote viwili, kwa kosa la ponografia ya watoto.

Kisha ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Kifungu cha 24 kinamgusa anayetengeneza, anayechapisha, anayesambaza, anayepakua na hata anayehifadhi picha hizo katika kompyuta au simu. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 25 au faini ya Sh20 milioni, au vyote viwili.

Sheria hiyo imetaja pia picha zinazofanana na za kweli, zinazoonyesha mtoto akifanya mambo ya ngono. Jambo hili ni muhimu leo, kwa kuwa programu za akili bandia zinaweza kutengeneza picha kama hizo, hata kwa kutumia uso wa mtoto wako uliochukuliwa kutoka kwenye picha ya sherehe ya shule. Anayedhani kwamba amepata njia ya kukwepa mkono wa sheria amejidanganya.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma za mtandaoni. Idara ya Upelelezi wa Jinai ina kitengo maalumu cha kuwalinda watoto.

Vile vile, wakosaji wa kigeni hawako salama kama walivyozoea kudhani. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham, Uingereza, ilimhukumu mwalimu wa zamani kifungo cha miaka 17 na miezi minne. Alikuwa akiendesha shirika la misaada huko Gilgil, na huko huko aliwadhulumu watoto wa mitaani waliomtegemea kwa chakula. Alipatikana pia na hatia ya kuwa na picha chafu za watoto. Makosa aliyatenda Kenya, lakini sheria ilimpata kwao.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika mambo mawili. La kwanza ni utekelezaji. Kesi za aina hii zinahitaji wapelelezi wanaoelewa kompyuta, mashahidi wanaolindwa, na mahakimu wasioruhusu kesi kuahirishwa hadi mtoto awe mtu mzima.

La pili, ambalo halizungumzwi kamwe, ni kwamba sheria kali bila tiba ni kama zimamoto bila mtu wa kukagua nyaya za stima. Gari litakuja na king'ora, lakini nyumba itakuwa imekwisha kuungua.

NI NANI HAWA?

Watu wengi hufikiri kwamba kila anayetazama picha hizi ni mnyama mmoja wa aina moja. Uganga wa kisasa unasema vingine.

Kuna wale walio na pedofilia, yaani ashiki ya kudumu na yenye nguvu kwa watoto ambao hawajabalehe. Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hii huhesabiwa kuwa ugonjwa pale mtu anapoitekeleza au inapomtesa rohoni. Mtu hachagui kuwa na ashiki hii. Anachochagua ni kuitii au kuikataa, na hapo ndipo lawama na sheria zinapoingia.

Kuna wengine ambao hawana pedofilia. Hawa walianza na picha za kawaida za ngono za watu wazima, wakazizoea, wakaanza kutafuta vitu vikali zaidi hadi wakavuka mpaka. Mara nyingi utakuta upweke, pombe, mfadhaiko au ndoa iliyovunjika vikichangia.

Kuna pia vijana wadogo. Mvulana wa miaka 16 humshawishi msichana wa darasa lake amtumie picha, kisha anawaonyesha wenzake. Kwa mujibu wa sheria, kitu hicho ni picha ya uchi ya mtoto, na aliyeisambaza amekosa. Lakini ni wazi kwamba mvulana huyo anahitaji kuadhibiwa na kurekebishwa kwa namna tofauti na mtu mzima wa miaka 45.

Je, anayetazama picha hatimaye atamgusa mtoto? Jibu la kweli halimpendezi anayewatetea wala anayewalaani. Mwaka 2011 Michael Seto wa Canada na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya wakosaji wa mtandaoni. Walipoangalia rekodi rasmi, kiasi cha mmoja kati ya wanane alikuwa amekwisha kupatikana na kosa la kumdhulumu mtoto ana kwa ana. Walipoangalia tafiti ambazo wakosaji walijieleza wenyewe, zaidi ya nusu walikiri kufanya hivyo.

Hata hivyo, miongoni mwa wakosaji zaidi ya 2,600 waliofuatiliwa kwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka sita, asilimia 2 walipatikana na kosa jipya la kumgusa mtu, na asilimia 3.4 wakarudia kosa la picha.

Hatari ipo, tena ni kubwa kwa baadhi yao. Lakini hailingani kwa wote, na wengi wanaweza kuzuiwa. Kazi ya daktari ni kupima hatari ya kila mtu na kumpa kila mmoja tiba inayomfaa. Ndivyo tunavyofanya kwa shinikizo la damu, na ndivyo tunavyopaswa kufanya hapa.

WENZETU WAMEFANYA NINI

Mwaka 2005 hospitali ya chuo kikuu ya Charité, jijini Berlin, Ujerumani, ilifanya jambo lililowashangaza wengi. Ilitangaza hadharani, kwenye runinga na mabango ya barabarani, kwamba mwanamume anayeona anavutiwa na watoto na hataki kukosa anaweza kuja kutibiwa bila malipo na kwa siri. Watu walikuja. Mpango huo umeenea katika miji mingine ya Ujerumani, na mwaka 2018 ulianza kugharimiwa na bima za afya za nchi hiyo.

Nchini Uingereza, shirika la Lucy Faithfull limekuwa na laini ya simu ya msaada tangu mwaka 2002. Anayepiga hahitaji kutaja jina. Lakini akijitambulisha, na ikabainika kuwa kuna mtoto aliye hatarini, habari hiyo hupelekwa kwa wahusika. Laini hiyo hupokea pia simu za wake, wazazi na ndugu wa watu wa aina hii, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kugundua mambo.

Huko Sweden, watafiti wa taasisi ya Karolinska wamepima tiba hizi jinsi tunavyopima dawa yoyote. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 52 wenye pedofilia waliojitokeza wenyewe kutafuta msaada. Nusu walidungwa degarelix, dawa inayotumiwa kutibu saratani ya tezi kibofu, ambayo hushusha homoni ya testosteroni. Nusu walidungwa sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki mbili tu, waliopata dawa walikuwa wamepunguza dalili za hatari kuliko wenzao. Dawa ilikuwa na madhara pia, na wawili walilazwa kwa sababu ya fikira za kujiua. Kwa hivyo si dawa ya kununuliwa dukani.

Mwaka 2022 wakachapisha uchunguzi mwingine. Watu 160 waliokuwa wakitazama picha za watoto walipatikana katika pembe zilizofichika za intaneti na kupewa tiba ya mazungumzo kwa wiki nane, kupitia mtandao, bila kujitambulisha. Kundi moja lilipata tiba yenyewe, jingine likapata mafunzo ya jumla tu. Waliopata tiba walipunguza muda wa kutazama picha hizo kuliko wale wengine.

Tiba hiyo ya mazungumzo haina uchawi. Mtu hufundishwa kutambua saa na hali zinazomponza: usiku, upweke, ulevi, hasira. Hufundishwa kuziepuka, kuondoa simu chumbani, na kuvunja uongo anaojiambia kwamba hakuna anayeumia. Hujengewa maisha mengine yenye kazi, marafiki na mambo ya kumshughulisha. Akiwa na mfadhaiko, mfadhaiko huo hutibiwa, na dawa zake husaidia pia kupunguza msukumo wa ashiki. Dawa za kushusha homoni huachwa kwa wale walio katika hatari kubwa, chini ya mtaalamu, wakipimwa damu na mifupa.

Sitamdanganya msomaji kwamba tiba hizi huondoa pedofilia kama dawa inavyoondoa malaria. Tathmini ya mpango wa Berlin iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba fikira na tabia za hatari zilipungua kiasi, lakini wengi wa waliokuwa wakitazama picha waliendelea kuzitazama. Hii ni sababu ya kuiboresha tiba na kuiacha sheria ikae kando yake ikiwa macho. Ni kama kisukari: hatukiponyi, lakini tunakidhibiti, na mgonjwa anayedhibitiwa ni tofauti kabisa na aliyeachwa.

WANAOPINGA

Najua yatakayosemwa. La kwanza: "Daktari anawahurumia wahalifu." La hasha. Anayemdhulumu mtoto ashtakiwe na afungwe. Tiba ninayoizungumzia ni ngao ya mtoto. Ukimtibu mtu mmoja kabla hajakosa, aliyenufaika zaidi ni mtoto ambaye hatajua kamwe kwamba alikuwa hatarini.

La pili: "Hatuna pesa za kutosha hata za akina mama wajawazito, tutazipata wapi za watu hawa?" Hoja hii ina uzito. Madaktari wa maradhi ya akili nchini ni wachache, na wengi wako mijini. Lakini tuhesabu na upande wa pili: gharama ya upelelezi, kesi, na kumlisha mfungwa kwa miaka mingi. Juu ya hayo kuna matibabu ya mtoto aliyeumizwa, ambayo huweza kuendelea maisha yake yote. Kinga ni bora kuliko tiba, nasi madaktari tumelisema hilo hadi sauti imekauka.

La tatu: "Hakuna atakayekuja." Walisema hivyo hivyo juu ya ukimwi. Tulipofungua vituo vya ushauri na upimaji wa hiari mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwapo waliodai kwamba hakuna Mkenya atakayeingia kwa hiari yake kuulizia hali yake. Waliingia kwa maelfu. Sisemi mambo haya ni sawa, kwani mwenye virusi hana hatia yoyote. Nasema tulijifunza somo: mtu huja pale anapohakikishiwa siri na heshima, na hutoroka pale anapongojewa na umati wenye mawe.

KENYA IFANYE HAYA

Kwanza, sheria iweke wazi wajibu wa daktari na mshauri nasaha. Tuseme kijana wa miaka 24 anakuja kliniki na kukiri kwamba anasumbuliwa na ashiki kwa watoto, lakini hajamgusa mtoto wala hajatazama picha. Daktari amtibu kwa siri, au ampigie simu polisi? Madaktari wengi hawana uhakika, na asiye na uhakika humfukuza mgonjwa kwa maneno matamu.

Napendekeza mstari uchorwe hivi: ambaye hajakosa na anatafuta msaada atibiwe kwa siri kama mgonjwa yeyote. Lakini palipo na mtoto anayedhulumiwa, au aliye katika hatari ya karibu, siri inakoma, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajafungua kinywa. Bunge likishirikiana na baraza la madaktari linaweza kuandika jambo hili likaeleweka na kila mtu.

Pili, mahakama zitumie uwezo zilio nao. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaruhusu mkosaji hatari awekwe chini ya uangalizi wa muda mrefu, pamoja na kutakiwa kuhudhuria mpango wa kumrekebisha. Amri kama hiyo haina maana ikiwa mpango wenyewe haupo. Mfungwa akimaliza kifungo bila tiba, anatoka na ashiki ile ile aliyoingia nayo, na sasa hana kazi wala rafiki. Magereza na idara ya urekebishaji tabia zipewe wataalamu wa kazi hii.

Tatu, tuanze kidogo. Hospitali moja kuu ya rufaa iwe na kliniki ya siku moja kwa wiki, na laini moja ya simu isiyouliza jina. Washauri nasaha tunao katika kila kaunti. Wachache wao wafundishwe kazi hii, na matokeo yapimwe kabla ya kupanua mpango.

Nne, watoto wanaokosa wasichanganywe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuweza kushtakiwa kwa jinai hadi miaka 12, na inataka mtoto anayekosa arekebishwe. Mvulana aliyesambaza picha ya mwenzake afundishwe uzito wa alilotenda, na wazazi wake wahusishwe. Wengi wa umri huu hubadilika wakisaidiwa mapema.

Tano, kampuni za simu na za intaneti zitimize wajibu wao. Tangu mwaka 2009 kumekuwa na programu inayoweza kutambua picha iliyokwisha kujulikana na kuizuia isisambae. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo ya kuwalinda watoto mtandaoni mwaka 2025. Miongozo isiyofuatiwa na ukaguzi hubaki kuwa karatasi.

Na kabla ya yote hayo, mtoto aliyedhulumiwa atangulie. Senti isitolewe katika matibabu yake ikapelekwa kwa mkosaji. Tunahitaji mifuko miwili.

KWAKO MSOMAJI

Ukitumiwa kanda ya mtoto anayedhulumiwa, usiisambaze. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanasaidia kumtafuta mhalifu, na kikundi kizima cha kanisa au cha mtaa kinaishia kuiona. Unamvua mtoto nguo mbele ya watu wengine mia, nawe mwenyewe unavunja sheria. Ipeleke simu kwa polisi mara moja wakaone, au upige 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, uelekezwe.

Mzazi, zungumza na mtoto wako kabla hajapewa simu. Mwambie kwamba akiombwa picha, au akitishwa, aje kwako hata kama amekwisha kukosea. Mtoto anayeogopa kuchapwa na mzazi wake ndiye anayemtii anayemtisha.

Mke au mzazi aliyegundua mambo haya katika simu ya mtu wake asiyafunike kwa sababu ya aibu. Kama kuna mtoto aliye hatarini, mtoto kwanza, kisha mengine.

Na iwapo wewe unayesoma haya ndiye unayesumbuliwa na fikira hizo, usingoje ziwe vitendo. Acha kukaa peke yako na watoto. Ondoa njia zote zinazokufikisha kwenye picha hizo. Tafuta daktari wa maradhi ya akili au mshauri nasaha aliyehitimu, na umweleze kwamba unataka kujizuia. Huenda wa kwanza asijue la kufanya. Mwombe akuelekeze kwa mwingine. Ukihisi kutaka kujiua, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Wabunge wetu wameonyesha kwamba wanaweza kuandika adhabu. Sasa waandike na njia ya tiba, kisha Wizara ya Afya iifungulie mlango.